Zege Mahali Pake

Saruji inayofika Ngungu, mashariki mwa Kongo, imetoka mbali. Sehemu kubwa ya saruji inayotumika Kivu Kaskazini huvuka mpaka kutoka Uganda, kwenye viwanda kama kile cha Hima wilayani Kasese, au kutoka Rwanda, kwenye kiwanda cha Cimerwa kule Rusizi. Inashushwa Goma, inapakiwa tena hadi Sake, na baada ya Sake milima inaanza. Barabara ikikauka, lori linapanda. Mvua ikinyesha, lori linalala njiani, na mfuko wa kilo 50 unamalizia safari kwenye pikipiki, kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, au mgongoni mwa mtu. Kila anayeubeba anadai haki yake, na haki hizo zote zinaingia katika bei. Mfuko ambao mjini mtu ananunua bila kufikiri sana, huku juu ni mali ya kutunzwa ndani: unalazwa juu ya mbao, mbali na ukuta, na kufunikwa plastiki usije ukavuta unyevu na saruji ikaganda kabla ya siku yake.

Hali hiyo imezaa mafundi wa aina yake, na mimi nawastahi kuliko ninavyostahi majengo marefu ya mijini. Fundi anayejenga penye saruji tele anaweza kufunika udhaifu wa kazi yake kwa kuongeza mfuko. Fundi wa Ngungu hana mfuko wa kuongeza. Inambidi ajue nyumba inaumia wapi, aweke zege pale pale, na zege hilo dogo liwe zuri kweli.

Ngungu iko kusini mwa teritware ya Masisi, karibu na mpaka wa Kalehe, katika milima ya malisho, maharagwe na viazi. Nyumba nyingi ni za mbao za mikaratusi zilizoezekwa kwa mabati, nyingine ni za miti na udongo. Sizidharau hata kidogo. Ukuta wa mbao ni mwepesi. Ardhi ikitikisika, unayumba na kubaki umesimama, na hata ukianguka hauui kama ukuta wa mawe. Tena watu wa huku wamekimbia vita mara nyingi mno, na mbao zinaweza kung'olewa, kubebwa na kusimamishwa kwingine. Anayewahubiria wajenge nyumba nzima kwa zege kwa sababu eti ndiyo maendeleo, hajawauliza wamejenga mara ngapi na wameacha nini nyuma yao. Mafundi wenyewe hawahubiri hivyo. Wao wanauliza kwanza: ni sehemu gani ya nyumba hii ambayo mbao na udongo haviwezi kuifanya?

Jibu linaanzia chini. Nguzo ya mti iliyochimbiwa ardhini huoza usawa wa udongo, pale maji na hewa vinapokutana. Ukiinyanyua nyumba hiyo hiyo ya mbao juu ya kijiukuta cha mawe kilichofungwa kwa saruji, matone ya paa hayarukii tena mbao, na nyumba inapata miaka mingi ya ziada kwa mifuko michache tu. Kazi hii haipigwi picha na mtu yeyote, ila mimi naihesabu kati ya matumizi bora ya saruji niliyoyaona Kivu.

Siku ya kumwaga beto, kama wanavyosema huku, kazi inaanza na mchanga. Fundi anachota konzi moja, anausugua viganjani, kisha anatazama mikono. Ikibaki na rangi nyekundu, mchanga una udongo, na udongo huvika kila chembe koti ambalo saruji haiwezi kulishika. Mwenye mashaka anatumia chupa ya plastiki: mchanga hadi nusu, maji, anatikisa kwa nguvu, anaiweka chini na kungoja. Mchanga unatua kwanza, udongo unatua juu yake. Tabaka la udongo likiwa nene, mchanga unarudi kuoshwa, hata kama wote wamekwisha kukusanyika na mabeleshi mikononi.

Halafu kokoto. Upande wa Goma na Sake jiwe ni la volkano, lililoachwa na Nyiragongo na Nyamulagira, na si jiwe la namna moja. Lipo zito, jeusi, lililoshikamana, linalolia kama kengele likigongwa. Lipo jepesi lililojaa vitundu, linalokunywa maji ya zege na kuvunjika upesi. La kwanza linafaa nguzo na mihimili, la pili linafaa kujazia. Akina mama na vijana wanayapasua kwa nyundo, wameketi, chungu ya mawe upande mmoja na chungu ya kokoto upande wa pili, na kazi yao ni nusu ya zege ingawa malipo yake hayafanani na nusu. Fundi mzuri hataki kokoto za kipimo kimoja. Anataka kubwa zenye ndogo katikati yake, ili ndogo zizibe mianya ya kubwa, mchanga uzibe mianya ya ndogo, na saruji ibaki na kazi yake yenyewe ya kugandisha. Kila mwanya uliozibwa na jiwe ni saruji iliyookolewa. Penye saruji ghali, kupanga kokoto ni sawa na kulinda fedha za mwenye nyumba.

Kipimo kinachofundishwa katika shule za ufundi zinazofuata mtindo wa Kifaransa ni kilo 350 za saruji kwa mita moja ya ujazo, yaani mifuko saba. Kwenye kiwanja hakuna mizani, kuna ndoo: moja ya saruji, mbili za mchanga, tatu au nne za kokoto. Ndoo inajazwa na kusawazishwa mdomoni kwa ubao, kila mara, ya kwanza hadi ya mwisho. Saruji na mchanga vinageuzwa vikiwa vikavu, juu ya mbao au mabati ili udongo wa chini usipande na beleshi, kutoka upande huu hadi upande ule na kurudi, mpaka rangi iwe moja. Fundi haruhusu maji yaguse chungu kama bado anaona mstari wa kijivu. Kisha kokoto, kisha shimo katikati ya chungu, kisha maji.

Hapa ndipo ugomvi wa kila kiwanja unapotokea. Zege lenye maji kidogo ni zito kugeuza, na kijana mwenye beleshi amechoka. “Papa, niongeze kidogo? Iko nguvu kugeuza.” Fundi anajibu bila kuinua kichwa: “Acha. Maji mingi inauaka beto, mutoto yangu.”

Mwaka 1918 mtafiti Duff Abrams, aliyefanya kazi Chicago, alichapisha matokeo ya majaribio yake mengi kuhusu jambo hilo hilo: kwa vifaa vile vile, nguvu ya zege inafuata uwiano wa maji na saruji, na maji yakizidi nguvu inashuka. Saruji yenyewe inahitaji maji kama robo tu ya uzito wake ili igeuke jiwe. Mengine tunayatia ili zege lijongee na kujaza kona. Hayo ya ziada hayana pa kukaa. Yanatoka polepole na kuacha vinjia visivyoonekana kwa macho, na kupitia vinjia hivyo zege linadhoofika na kupitisha unyevu. Lita 25 kwa mfuko mmoja ni kipimo kizuri, yaani bido moja la lita 20 na robo ya bido la pili. Na kama usiku kulinyesha, fundi anapunguza, kwa sababu mchanga uliolala nje umekwisha kuleta maji yake. Sijaona kitabu kilichokuwa wazi pale kiwanjani. Fundi anafinya konzi ya zege, anafungua mkono: likibaki na umbo lake na kiganja kikalowa bila kuchuruzika, anatikisa kichwa kukubali na ndoo zinaanza kutembea.

Zege halilali, wanasema Watanzania, na wasemapo hivyo kwa kazi yoyote isiyoahirishwa, asili ya msemo ni hii hapa. Baada ya saa moja au mbili saruji inaanza kushika, na zege lililoshika halichochewi tena kwa maji mapya. Kwa hiyo kila kitu kimeandaliwa tangu jana: mbao za kofraji zimepigiliwa na kulowanishwa, nondo zimefungwa, mistari imevutwa, timazi imeshuka katika kila nguzo. Watu wanasimama mstari kutoka kwenye chungu hadi ukutani na ndoo zinapita mkono kwa mkono. Juu ya ukuta fundi anapokea, anamimina kwa tabaka, anachoma kwa kipande cha nondo, hasa kwenye kona na kuzunguka chuma, huku msaidizi anagonga ubao kwa nyundo kutoka nje. Sauti ya ubao wenye zege lisilojaa nyuma yake ni tupu, na ya ubao uliojaa ni nzito na fupi. Nilimwona fundi mmoja akisimamisha mstari mzima, watu na ndoo zao mikononi, kwa sababu sauti ya kona moja haikumridhisha. Alichomeka nondo, akaizungusha, viputo vikapanda, akagonga tena, akasikiliza, ndipo akanyoosha mkono apokee ndoo iliyofuata. Hakuna aliyelalamika.

Nondo zenyewe zinastahili kutazamwa kabla hazijafunikwa, maana baada ya hapo hakuna atakayeziona. Zege linastahimili sana kukandamizwa, lakini ukilivuta linakatika kwa nguvu ndogo, yapata sehemu ya kumi ya ile ya kukandamiza. Chuma kinachukua kazi ya kuvutwa. Joseph Monier, mtunza bustani wa Kifaransa, alipata hati yake ya uvumbuzi mwaka 1867 kwa vyombo vya kupandia maua vilivyotengenezwa kwa saruji na waya ndani, na tangu hapo ndoa hii haijavunjika, kwa sababu mbili za bahati njema. Joto likipanda, chuma na zege vinatanuka karibu sawasawa, hivyo havigombani. Na saruji ina ukali wa alkali unaozuia kutu, mradi chuma kifunikwe vizuri. Ndiyo maana fundi anaweka vijiwe vya saruji, vya unene wa sentimita tatu hivi, kati ya nondo na ubao. Nondo iliyolala juu ya ubao wenyewe itaonekana siku kofraji inapotolewa, itapata kutu, itavimba na kupasua zege kutoka ndani. Tazameni pia pete zinazofunga nondo nne za nguzo. Fundi mvivu anakunja ncha zake pembe mraba na kuziacha. Anayejua ardhi ya kwao anazikunja zaidi, ncha ziingie hadi ndani ya moyo wa nguzo, zisifunguke wakati wa mtikisiko.

Mtikisiko huku si jambo la kufikirika. Ngungu iko begani mwa Bonde la Ufa. Jumapili tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga pande zote za Ziwa Kivu. Bukavu na vijiji vya jirani viliumia, na ng'ambo ya mpaka, Rusizi nchini Rwanda, kuta za kanisa ziliwaangukia waumini. Mwaka 2021, siku zilizofuata mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei, ardhi ya Goma ilitetemeka tena na tena na kupasua nyumba. Mara nyingi ukuta wa matofali au mawe hauanzi kuanguka kwa sababu ya uzito wake. Unaanza kwa kuachana na mwenzake pembeni, kisha kila mmoja unaanguka peke yake.

Dawa yake ni mkanda wa zege unaozunguka kuta zote juu ya madirisha, ambao mafundi wa Kivu huuita shenaji, pamoja na nguzo nyembamba za kona. Utaratibu wa kuujenga unanivutia. Ukuta unapandishwa kwanza, na mwisho wake unaachwa na meno, tofali moja nje, moja ndani. Kisha zege la nguzo linamiminwa kati ya meno hayo, likayauma, na mkanda unafunga juu. Ukuta na nguzo vinakuwa mwili mmoja. Ujenzi huu ulienea Italia baada ya tetemeko la Messina la mwaka 1908, na umeokoa watu wengi Amerika ya Kusini. Saruji inayoingia katika mkanda wa darasa moja ni sehemu ndogo ya saruji ambayo ingehitajika kujenga darasa hilo lote kwa zege, na ndiyo inayoamua watoto watatoka au hawatatoka.

Lakini mkanda mbovu ni hatari kuliko kukosa mkanda, na hili lazima lisemwe kwa sauti. Haiti, tarehe 12 Januari 2010, majengo mengi yaliyoua yalikuwa ya zege: zege lililopungukiwa saruji, lenye mchanga mbaya na chuma chembamba, lililobebeshwa dari nzito. Udongo haujifanyi kuwa jiwe. Zege baya linajifanya, na watu wanalala chini yake kwa imani.

Kuhusu sakafu nitasema machache, ingawa kwa mama mwenye watoto wadogo pengine ndiyo ya kwanza. Mawe yanapangwa yakiwa yamesimama na kubanwa kwa vijiwe ili unyevu usipande, kisha zege la sentimita chache linamwagwa juu yake. Funza wanakosa vumbi la kuishi. Chumba cha kuzalia kinaoshwa kwa maji na klorini na kukauka kabla mama mwingine hajaingia. Mexico walikuwa na mpango wa serikali ulioitwa Piso Firme, wa kubadilisha sakafu za udongo kuwa za saruji, na watafiti waliouchunguza waliandika mwaka 2009 kwamba nyumba ikipata sakafu nzima ya saruji, minyoo kwa watoto hupungua kwa asilimia 78 na kuhara kwa asilimia 49. Dawa chache za hospitali zinaweza kujivunia hesabu kama hiyo.

Kwa choo, kuna njia ambayo haihitaji hata nondo moja. Msumbiji, katika miaka iliyofuata uhuru wa 1975, ilisambaza kifuniko cha choo cha zege cha mviringo kilichobinuka kidogo katikati kama mgongo wa kobe, kazi iliyohusishwa na msanifu Björn Brandberg. Kwa sababu ya mbinuko huo, uzito wa mtu unageuka kuwa mkandamizo kuelekea ukingoni, na mkandamizo ndio zege linaoupenda. Fundi anachonga umbo lake katika chungu ya mchanga uliolowanishwa, anaulainisha kwa mwiko, anaufunika plastiki, anamimina. Wajenzi wa pwani walijua siri hii zamani sana. Kuba za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, uliopanuliwa katika karne ya 14, zilimwagwa kwa chokaa na vipande vya matumbawe bila kipande cha chuma, na nyingine zimesimama hadi leo. Chumba cha mwambao chenye dari bapa kilibaki chembamba kwa kuwa boriti ya mkoko ina urefu wake. Kuba haikujali urefu wa mti.

Nikilazimishwa kuchagua kazi moja ya zege katika milima hii, nitachagua chemchemi. Jengo lenyewe ni dogo: ukuta mfupi, bomba moja au mawili, sakafu ya kuweka bido, mfereji wa kupeleka maji yaliyomwagika mbali. Ugumu uko nyuma ya ukuta. Fundi anachimba mlimani polepole kufuata maji hadi jicho lenyewe, mahali yanapotoka safi, na hapo anapanga kokoto zilizooshwa, anafunika kwa udongo mzito ili maji ya juu yasiingie, ndipo anasimamisha zege mbele yake. Bomba lazima likae chini ya usawa wa jicho. Likikaa juu, ukuta unayarudisha maji nyuma, nayo yanatafuta njia nyingine chini ya mlima, na kijiji kinabaki na ukuta mzuri usio na tone. Fundi anayeijua kazi hii huacha maji yapite katika bomba siku nzima wakati zege linashika, asiyalazimishe kungoja.

Baada ya kumwaga, watu wanaondoka, na kazi inayobaki ni ile inayodharauliwa kuliko zote. Zege haligandi kwa kukauka. Linaganda kwa kunywa: saruji na maji vinaendelea kuungana kwa siku nyingi, na zege likikaushwa na jua na upepo wa mlimani siku ya pili, muungano unakatika katikati. Baada ya siku saba lililotunzwa linakuwa na kama theluthi mbili ya nguvu yake, na nguvu inayoandikwa katika vitabu ni ya siku ya 28. Usiku wa baridi wa Masisi unachelewesha zaidi. Kwa hiyo fundi yule yule aliyenyima maji asubuhi sasa anayataka kwa wingi. Anatandika magunia na majani ya migomba juu ya mkanda, na kuagiza yaloweshwe asubuhi, mchana na jioni. Mbao za pembeni zitatoka baada ya siku moja au mbili, lakini zile zinazobeba linta kutoka chini zitakaa majuma mawili au matatu, hata mwenye nyumba akizihitaji kwa kazi nyingine.

Wenye nyumba wengi, na hata baadhi ya miradi, hufuta malipo ya siku hizo mara tu beto inapomwagwa. Wamelipa mfuko uliotoka Kasese, wamelipa lori, pikipiki na chukudu, wamelipa nyundo za akina mama, kisha wanabana posho ya kijana wa kumwagilia, ambayo ni ndogo kuliko bei ya mfuko mmoja. Fundi niliyemwona akisikiliza ubao aliandika siku saba za kumwagilia katika mapatano yake tangu mwanzo, Jumapili ikiwemo, na alikataa kuanza msingi kabla mwenye nyumba hajazikubali.